Nimepunguzwa tumbo, lakini sinia la nyumbani ni lilelile

Shikamoo, Mama mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mama wa watoto watatu, mkazi wa Tanga. Miezi mitano iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo jijini Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na uzito uliofika kilo 131, magoti yaliyouma kila nilipopanda ngazi, na shinikizo la damu lililohitaji vidonge vya aina mbili kila siku. Mume wangu aliniunga mkono tangu mwanzo, tukauza kiwanja kidogo tulichokuwa nacho Pongwe, na upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Leo nina kilo 103, na ngazi za ofisini kwetu nazipanda bila kushika ukuta. Kwa hilo namshukuru Mungu, na sipendi usome barua hii ukadhani imeandikwa na mtu asiye na shukrani.

Shida yangu ni chakula. Miezi ya kwanza nilifuata maelekezo kama mwanafunzi: wiki mbili za vitu vya majimaji, kisha vya kupondwa, kisha vya laini, na mume wangu ndiye aliyenipimia kwa kijiko. Nilipoanza kurudi kwenye chakula cha kawaida ndipo mambo yalipoharibika. Tunaishi na mama mkwe, na yeye ndiye anayepakua. Wanawake na watoto tunakula kwenye sinia moja kama tulivyolelewa, na mama mkwe ana desturi ya kumsogezea kila mtu kitoweo upande wake kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwetu ni mapenzi. Mimi nikila matonge matano nimeshiba. Nikiondoa mkono ananitazama, ananisogezea kipande kingine cha samaki na kusema, "Kula mwanangu, wewe hujala." Siku moja nilimsikia akiwaambia majirani kwamba mwanawe ametoa fedha ili mkewe akakatwe riziki yake.

Basi nimekuwa nikila tonge la mwisho kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nililelewa kuamini kwamba kuacha chakula ni kufuru. Likigoma kushuka nalisukuma kwa maji. Wiki tano zilizopita, kwenye harusi ya wifi yangu, niliketishwa kwenye sinia la pilau pamoja na wakwe zangu, nikala kwa aibu mpaka nikahisi jiwe limekaa katikati ya kifua. Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya jiko la harusi, mahali wapishi wanapooshea masufuria, na mpishi mmoja akanishika mgongo akaniuliza kama nina mimba. Tangu siku hiyo natapika karibu kila siku, siku nyingine mara mbili au tatu. Najifungia chooni na kufungulia bomba ili nisisikike.

Kitu pekee kinachopita bila vita ni chai ya maziwa yenye sukari na andazi lililolowekwa humo, kwa hiyo siku nyingi hicho ndicho chakula changu. Vitamini nilizoandikiwa ziliisha miezi miwili iliyopita, na sikununua nyingine kwa sababu ni ghali na zilikuwa zinanichefua. Nywele zinatoka kwa mafungu. Mtaani wanasema nimepata ugonjwa, na unaujua ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Juzi mwanangu wa mwisho alirudi na habari hizo kutoka shuleni.

Naomba uniambie nimweleze nini mama mkwe, nitaketije kwenye sinia na wenzangu bila kuwavunjia heshima, na Ramadhani itakapoingia miezi miwili ijayo nitafungaje. Tena upo usiku mmoja nilipolia kwa ajili ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula nilichojua kwamba sitakila tena kama nilivyokuwa nikikila. Mume wangu hajui.

Samahani kwa urefu wa barua. Hata kuandika kumekuwa kazi, kwani wiki hizi mbili miguu inakufa ganzi kuanzia vidoleni, na usiku nikiamka kwenda chooni gizani nayumba kama mlevi. Labda ni uchovu.

Mwenye Kisosi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Siku ileile barua yako iliponifikia nilikutumia ujumbe kwa namba uliyoiacha, nikakusihi uende hospitali kabla jua halijatua, na hapa nitarudia sababu zake kwa urefu kwa kuwa najua wapo wasomaji wengine waliofanyiwa upasuaji kama wako na ambao wanatapika kimyakimya. Maneno uliyoyaweka mwishoni, kama mtu anayeomba radhi kwa mwandiko mbaya, ndiyo yaliyonishtua kuliko yote. Ganzi inayoanzia kwenye vidole vya miguu na kuyumba gizani, kwa mtu aliyepunguzwa tumbo na aliyetapika wiki tano bila vitamini, hatuwezi kuiita uchovu mpaka daktari ampime na kuthibitisha hivyo.

Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1, yaani thayamini. Akiba iliyopo inaweza kuisha ndani ya wiki mbili au tatu mtu anapokuwa hali vya kutosha au kila anachokula kinarudi, na sukari pamoja na unga mweupe, ambavyo ndivyo vilivyomo katika chai yako na andazi lako, huimaliza upesi zaidi kwa sababu mwili unaihitaji vitamini hiyohiyo ili kuutumia wanga. Ikikosekana, mara nyingi mishipa ya fahamu ya miguuni huumia kwanza; ukosefu ukiendelea mtu huona vitu viwiliviwili, hushindwa kutembea sawasawa, huchanganyikiwa, na anaweza kupoteza kumbukumbu kwa namna ambayo hairudi tena. Ikiwahiwa, tiba yake ni nyepesi: thayamini kwa sindano au kwa dripu, maana vidonge utavitapika.

Nenda Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu yenye daktari wa zamu, wala usiishie duka la dawa, na usiende peke yako. Ukifika, anza kusema kwamba miezi mitano iliyopita uliondolewa sehemu kubwa ya tumbo, kisha useme kwamba umetapika karibu kila siku kwa wiki tano, kisha utaje ganzi na kuyumba, kwa sababu ukianza na ganzi peke yake unaweza kupewa dawa ya kuchua ukarudishwa nyumbani. Wakitaka kukuwekea dripu ya glukosi kwa kuwa umeishiwa nguvu, waombe kwa adabu wakupe thayamini kwanza, kwani glukosi ikitangulia kwa mtu ambaye vitamini hiyo imemwishia inaweza kumzidishia madhara. Usione haya kulisema jambo hilo mbele ya daktari. Upasuaji ambao zamani Mtanzania aliufuata India sasa unafanyika hapa nchini, lakini mikoani wagonjwa wake bado ni wachache, na mhudumu mwema hachukii kukumbushwa.

Mpigie simu pia daktari bingwa aliyekufanyia upasuaji, umweleze kila kitu, pamoja na bomba la chooni. Kutapika kwa wiki tano kunahitaji kutafutiwa chanzo hata kama wewe unaamini chanzo ni pilau ya harusi. Inawezekana njia ya chakula imebana mahali, jambo ambalo huonekana kwa kamera inayopitishwa mdomoni na ambalo hutibika; inawezekana pia ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo huwapata wengi waliopungua uzito kwa kasi. Kipimo cha mimba kifanyike, maana mpishi yule hakukosea kuuliza: uzito unapopungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na wataalamu humtaka mwanamke asubiri kati ya miezi 12 na 18 baada ya upasuaji kabla ya kubeba mimba. Na vidonge vya shinikizo la damu uende navyo mkononi, kwa sababu dozi iliyomfaa mtu wa kilo 131 inaweza kumwangusha mtu wa kilo 103 aliyekaukiwa maji mwilini.

Haya sasa, sinia. Kabla sijaanza kujibu barua nilifanya kazi ya lishe hospitalini kwa miaka mingi, na niligundua kwamba wagonjwa huelezwa vizuri wale nini, lakini mara chache huelezwa kwa nini mkono wao utawadanganya. Katika upasuaji wa aina yako daktari huondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa tumbo, akaacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Siku za mwanzo mrija huo hubeba takriban mililita 100 hadi 150, yaani kama vikombe viwili vya kahawa chungu vile vidogo vinavyouzwa barazani. Sehemu inayoondolewa ndiyo pia inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na kwa sababu hiyo wewe husikii njaa kama ya zamani. Lakini daktari hakugusa jicho lako, wala ukubwa wa tonge ambalo vidole vyako vimezoea kulifinyanga kwa miaka 30 na zaidi, wala upawa wa mama mkwe. Hivyo vyote bado vinapimia tumbo ambalo halipo tena.

Kwa hiyo usitegemee kushiba kukuambie uache, kwa sababu kwako wewe kushiba huja ghafla, na huja kukiwa tayari kumebaki tonge moja tu baina yako na kutapika. Yajue maonyo yanayotangulia. Wengine hupata kwikwi moja, wengine kamasi jepesi huanza kuwatoka puani bila mafua, wengine hushusha pumzi ndefu bila kukusudia, na wengine huhisi uzito mdogo chini ya mfupa wa kifua. Jichunguze mlo baada ya mlo mpaka uijue alama yako, na siku utakapoijua, ikitokea uondoe mkono hata kama kilichobaki ni kipande kitamu kuliko vyote. Yale maji unayosukumia chakula yaache kabisa. Maji yanapokutana na chakula ndani ya mrija mwembamba hujaza nafasi isiyokuwepo, na chakula kikigoma kushuka maji hukirudisha juu. Kunywa kabla ya kula, acha unapokula, kisha subiri dakika 30 ndipo uanze tena kunywa kwa mafunda madogomadogo mpaka jioni upate lita moja na nusu. Tembea na chupa. Huwezi kufidia kiu ya siku nzima kwa kugugumia, kwa kuwa hakuna mahali pa kuyaweka.

Suala la andazi na chai nalichukulia kwa uzito kuliko unavyolichukulia wewe. Chakula kinachopita bila vita kwa kawaida ni kile kinachoyeyuka, na kinachoyeyuka ni wanga na sukari. Ndiyo maana watu waliofanyiwa upasuaji huu, wakikwazwa na nyama na samaki, hukimbilia biskuti, juisi, aiskrimu na maandazi, wakawa wanakosa protini huku uzito ukianza kurudi taratibu. Mwili wako unahitaji kati ya gramu 60 na 80 za protini kila siku, nawe katika sahani yenye ukubwa wa kisosi huna nafasi ya kumkaribisha mgeni mwingine kabla yake. Kitoweo kiliwe kwanza. Ukibakiwa na nafasi kula mboga, na ukibakiwa na nafasi tena ndipo kije kijiko au viwili vya wali. Ugali uucheleweshe hata zaidi, kwa kuwa hushikamana na kukaa kama donge, na chapati na mkate laini huwatesa wengi kwa sababu hiyohiyo.

Kutapika kutakapokuwa kumedhibitiwa na daktari amekuruhusu (kwa sasa rudi kwenye uji mwepesi uliochanganywa na maziwa, supu iliyochujwa na mtindi), siku yako inaweza kwenda hivi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha yaliyopondwa na maziwa kidogo yatakupa gramu 12. Saa nne kunywa glasi ya mtindi usiotiwa sukari, gramu 8. Mchana kipande cha samaki wa mchuzi chenye gramu 80 baada ya kutolewa miiba, nawe umepata 18 hivi. Saa kumi glasi ya maziwa, 8 nyingine. Usiku kuku aliyechemshwa mpaka akachambuka, gramu 60 za nyama yake, ambazo zina protini kama gramu 16. Jumla imefika 62, na hakuna mlo hata mmoja uliozidi kisosi. Siku ambayo pesa hazipo, weka kunde, choroko au maharage yaliyoiva mpaka yakapasuka, au dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi, kwa kuwa dagaa wana protini nyingi mno kwa uzani wao na hawahitaji jokofu. Ninalokuomba ni kwamba kitoweo kiwe na unyevu. Changu aliyekaushwa kwenye mafuta, nyama ya kuchoma na kuku wa jana aliyepashwa moto vitakukwama hata ukivitafuna mara 30, lakini samaki huyohuyo wa kupaka uliyemlilia, akipikwa kwa tui jepesi, ni katika vyakula vinavyopita vizuri kuliko vingi. Hujakatazwa kumla. Umepunguziwa kipande.

Ninaelewa kwamba hicho ndicho kilichokuliza, na sitakuambia usilie. Kwa mtu wa pwani chakula ni mazungumzo, ni kupokea wageni, ni mkono wa mama aliyekulea, na wewe ulikwenda chumba cha upasuaji ukiwa umejiandaa kupoteza kilo bila mtu yeyote kukuambia kwamba utapoteza pia saa nzima ya kukaa mbele ya sahani iliyojaa. Ni msiba mdogo lakini ni msiba, na humpata karibu kila mtu katika miezi kama hii uliyomo. Mwambie mume wako. Mtu aliyekubali kuuza kiwanja ili upone, na aliyekuwa akikupimia uji kwa kijiko, hatakucheka kwa kulilia wali.

Yeye pia ndiye anayepaswa kuzungumza kwanza na mama yake, na azungumze kabla yako. Neno lilelile likitoka kwa mkwe husikika kama kukataa chakula cha mama wa nyumba. Likitoka kwa mwana aliyemsikia daktari kwa masikio yake husikika kama taarifa. Amweleze mchana, si wakati wa kula, wala asitumie maneno ya hospitali. Achukue vikombe viwili vya kahawa, avijaze maji, avimimine kwenye bakuli mbele ya mama yake, amwambie: "Mama, tumbo la mwenzangu sasa linachukua hiki tu. Kikizidi anatapika, na kutapika huku kumemfikisha hospitali." Sidhani kama mama mkwe wako amewahi kuonyeshwa jambo hilo kwa macho. Alichoona yeye ni mkwe aliyekuwa anakula vizuri sasa anaondoa mkono kwenye sinia lake, anakonda, anapoteza nywele, na majirani wananong'ona. Mwanamke wa umri wake akiona hayo hufanya alilofundishwa, yaani huongeza kitoweo. Maneno ya kukatwa riziki yaliuma, na yalikuwa mabaya, lakini nasikia ndani yake hofu kuliko chuki.

Baada ya hapo wewe mpe kazi. Mwanamke anayemsogezea kila mtu kitoweo kwa mkono wake anajua kuchambua samaki kuliko mtaalamu yeyote wa lishe, na samaki aliyechambuliwa vizuri, akasuguliwa baina ya vidole mpaka hakuna mwiba wala donge, ndicho hasa chakula unachokihitaji. Mpelekee kisosi chako kabla sinia halijawekwa mkekani, umwambie, "Mama, naomba unichambulie wewe, nikichambua mwenyewe nakosea." Akujazie kisosi hicho mara moja tu. Kisha keti na wenzako kwenye sinia, kisosi chako kikiwa mbele yako, ule kwa kijiko cha chai, tonge lako likiwa dogo kama ukucha wa kidole gumba, na uweke kijiko chini kila baada ya tonge mpaka dakika 20 zipite. Utamaliza pamoja nao. Kinachowavunja moyo wenzako ni ule mkono unaoondoka mapema, na ukiwa na kisosi chako hautaondoka mapema.

Kuhusu kufuru, mimi nilifundishwa kama wewe, na siwezi kulidharau fundisho hilo. Lakini chakula kilichosukumwa kwa maji kisha kikaishia chooni kimepotea vilevile, tena kimekuchukulia na afya. Ukipakuliwa kidogo tangu mwanzo hapatakuwa na mabaki, na kilichobaki chunguni kitaliwa na wanao. Zaidi ya hayo, Waislamu tumefundishwa toka utotoni kugawa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, kwa hiyo kisosi chako si ugeni katika dini ya mama mkwe wako.

Harusini usiende na njaa wala usikae sinia la wakwe kwa kushtukizwa. Kula kisosi chako nyumbani, kisha ukifika jitwike kazi ya kugawa maji au kupokea wageni, na ukishurutishwa uketi, kula nyama mbili ndogo za pilau ukiacha mchele. Soda usinywe, kwani gesi yake hutanua tumbo na kukuumiza, na sukari yake nyingi ikishuka haraka inaweza kukuletea moyo kwenda mbio, jasho na kuharisha.

Ramadhani ya mwaka huu, kwa maoni yangu, usifunge. Mchana wa kwetu unamtaka mfungaji akae zaidi ya saa 13 bila tone la maji, wewe ukiwa hujarudisha hata maji uliyoyatapika, halafu usiku mfupi unaobaki hautoshi kunywa lita moja na nusu kwa mafunda na kula protini ya siku nzima kwa visosi. Wataalamu wengi hushauri mtu aliyepunguzwa tumbo asubiri angalau mwaka mmoja, ndipo apimwe na daktari wake kabla ya kufunga. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na habari ya kulipa au kutoa fidia mwulize sheikh unayemwamini ukiwa umeshapata kauli ya daktari. Jioni keti kwenye futari na familia yako kama kawaida, na huhitaji kuwaeleza majirani kitu.

Vitamini hizo, mwanangu, ni za maisha yako yote. Waeleze hospitali kwamba zile ulizopewa ni ghali na zinakuchefua, wakutafutie za kutafuna au za sindano. B12 kwa mfano hutolewa kwa sindano na haikupi kichefuchefu. Vidonge vya madini ya chuma visimezwe pamoja na vya kalsiamu, viachane angalau saa mbili, wala usivimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Nywele hutoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji kwa watu wengi sana, na kwa kawaida huota tena protini na madini yakikaa sawa. Ukitaka kuzisuka zisuke zikiwa legelege.

Na uvumi wa mtaani? Huna deni la kumwonyesha mtu yeyote karatasi za hospitali. Mtoto wako ndiye anayestahili maelezo, kwa kuwa yeye amebeba neno hilo kwenye mkoba wa shule na kulileta nyumbani. Mketishe, mwambie kwamba mama alifanyiwa upasuaji ili magoti yapone, kwamba sasa anakula kidogo na atazidi kupungua kwa muda, na kwamba hospitali inamwangalia. Kama anapenda, awe yeye wa kukuletea kisosi kutoka kabatini kila siku.

Ukitoka hospitali niandikie walichokuambia kuhusu miguu yako, na uniambie pia mama mkwe alisemaje siku ya kwanza ulipompelekea kisosi.